Stesheni zilezile, usiku uleule: kwa nini Nansio inasikia kuliko Mwanza kwenye kilohezi 474?

#1 Isamilo Juu

Wakuu, salamu. Nina suala la ripoti za upokezi ambalo nimelizungusha kichwani kwa wiki mbili bila kulipatia jibu.

Mimi nipo Isamilo, Mwanza mjini. Mwenzangu, ambaye humu anajulikana kama Nansio Usiku, yupo Ukerewe, kama kilomita 50 kutoka kwangu kwa mstari ulionyooka. Sote wawili tunasikiliza ishara hafifu za WSPR (mfumo wa waredio ambapo kompyuta hurusha na kusoma ujumbe mfupi kwa vipindi vya dakika mbili) kwenye mita 630, yaani kilohezi 474.2, na hatutangazi chochote, tunapokea tu. Vifaa tulinunua pamoja kwa makusudi: kila mmoja ana redio ya SDRplay RSP1A, antena ya kitanzi cha waya chenye kipenyo cha mita moja pamoja na kikuza ishara cha aina moja, na programu ya kusomea ishara, WSJT-X, ya toleo moja. Hata gridi yetu, yaani mraba wa ramani ambao waredio hutumia kutaja mahali walipo, ni moja, KI67, kiasi kwamba kwenye ramani tunaonekana kana kwamba tunalala nyumba moja.

Kwa usiku 14 nimechukua vile vipindi vya dakika mbili ambavyo sote tuliisoma ishara ya stesheni ileile, nikatoa namba yangu kwenye namba yake; jedwali nimeliambatisha. Stesheni za Afrika Kusini zinamfikia yeye zikiwa bora kuliko kwangu kwa desibeli 9, kwa kipimo cha kati. Stesheni za Ulaya zinamfikia zikiwa bora kwa desibeli 3 tu. Kama tatizo langu ni kelele za mjini, kelele hizo zinawezaje kuwaonea watu wa kusini na kuwaacha wa kaskazini?

#2 Fundi Kirumba

Kaka, kabla ya kwenda Afrika Kusini anzia sebuleni kwako. Chaja ya simu ya bei ndogo, taa ya LED ya dari, king'amuzi, kiimarisha umeme cha friji, vyote hivyo vina saketi zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na makombo yake yanaangukia kuanzia kilohezi 50 hadi megahezi kadhaa. Na kwa kuwa umepanga nyumba yenye majirani pande zote, hata ukizima vyako vyote, vyao vinakufikia kupitia nyaya za umeme na kupanda kwenye ala ya kebo yako ya antena. Je, umefunga pete ya feraiti, ile ya kuzuia kelele, kwenye kebo hiyo? Na umewahi kupima wakati umeme umekatika mtaa mzima?

#3 Ziwa Kuu

Jibu lipo wazi, ndugu zangu. Ukerewe ni kisiwa, kimezungukwa na maji, na maji hubeba mawimbi ya redio kuliko mwamba. Ndiyo maana stesheni za zamani za meli zilijengwa pwani. Isamilo ni matale matupu, nani asiyejua mawe ya Mwanza?

#4 Mwalimu wa Nyegezi

Ndugu Ziwa Kuu, nusu ya hoja yako naikubali na nusu nairekebisha. Kinachoifanya bahari iwe njia nzuri ya mawimbi ni chumvi yake. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiasi cha simensi 4 hadi 5 kwa mita, ilhali maji ya ziwa letu ni baridi na yana madini machache sana: vipimo vyake huzunguka mikrosimensi 100 kwa sentimita, ambazo ni simensi 0.01 kwa mita. Hiyo ni sawa na udongo mzuri wa shamba, na ni mara 400 au 500 chini ya bahari. Ni kweli kwamba granaiti kavu iko chini zaidi, karibu simensi 0.001, kwa hiyo Nansio ina nafuu ya ardhi. Lakini nafuu hiyo ingeonekana kwa ishara za kusini na za kaskazini pia, kwa sababu Ukerewe ina maji pande zote, na swali la mleta uzi ni kuhusu tofauti baina ya pande mbili.

#5 Nansio Usiku

Asanteni kwa kulichukulia suala letu kwa uzito. Nieleze kwangu kulivyo ili msikisie.

Kitanzi changu kimesimama nyuma ya nyumba kwenye nguzo ya mti, mita tatu hivi kutoka ardhini, katikati ya shamba la mihogo na mchungwa mmoja. Kutoka hapo hadi waya wa umeme wa karibu ni zaidi ya mita 150. Redio na kompyuta vinakula betri ya gari ya N50 ambayo mchana huchajiwa na paneli ya jua, na kila jioni naichomoa paneli pamoja na kidhibiti chaji chake, kwa sababu niligundua kwamba kidhibiti kile, hata kisipochaji, kinatoa mistari mitatu myembamba kwenye kioo cha kompyuta, mmoja ukikatiza karibu kabisa na 474. Nikikichomoa, mistari inafutika papo hapo.

Saa imewekwa sawa kwa GPS, si kwa mtandao, maana mtandao wetu huku unapotea. Saa ikikosea kwa sekunde kadhaa, programu inaweza isisome kitu, hata ishara iwe na nguvu.

#6 Baharia Mstaafu

Wanangu, nimefurahi kuona bado kuna watu wanaotega sikio chini ya kilohezi 500. Mimi nilikuwa mpokeaji wa redio kwenye meli za Bahari ya Hindi. Kilohezi 500 ilikuwa ndiyo mlango wa kuomba msaada, na saa ya ukutani ilipakwa rangi nyekundu kwenye dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48: muda huo kila mmoja hunyamaza na kusikiliza kama kuna anayezama. Utaratibu huo ulifikia mwisho mwaka 1999, na kipande kidogo cha 472 hadi 479 wakapewa waredio wa ridhaa katika mkutano wa dunia wa 2012.

Nachotaka kuwaambia ni kuhusu radi. Ziwa hili lina kilomita za mraba 68,800. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati na kuinyanyua hewa yenye unyevu. Ndiyo maana mchana mvua ya radi mnaiona juu ya vilima na usiku wa manane mnaiona ikimulika kwa mbali ziwani. Kila mmweko ni mtambo wa kurushia unaojaza masafa ya chini yote. Aliye karibu na katikati ya ziwa anaumia zaidi. Kwa hiyo Nansio ilipaswa kusikia vibaya kuliko Mwanza, na kwangu mimi hicho ndicho kitendawili chenyewe.

#7 Isamilo Juu

Shikamoo mzee. Hilo la radi kuwa ziwani usiku sikulifikiria. Nimeangalia ripoti za kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri, na kweli sote wawili tunashuka, ila yeye anashuka kidogo kuliko mimi.

#8 Bukoba KI58

Habari za usiku. Mimi nipo ng'ambo, Bukoba, na antena yangu ni waya mrefu wa mita 60 uliofungwa baina ya miti miwili. Sijawahi kuona mnachokisema. Kwangu Ulaya ndiyo bora, hasa kwenye saa 3, na Afrika Kusini ni ya kubahatisha. Pengine watani zangu wa Mwanza mnasikia kusini kwa sababu ndiko samaki wenu wanakokwenda.

Ila kwenye jedwali la mleta uzi naona saa 3 hakuna Ulaya kabisa. Inawezekanaje, na tupo kando ya ziwa lilelile?

#9 Fundi Kirumba

Mtani wa Bukoba, umechanganya saa. Jedwali lake limeandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, na saa 3 ya UTC ni saa 12 asubuhi kwetu, jua linakaribia kuchomoza. Saa 3 usiku yako kwenye jedwali imeandikwa 1800. Tafuta hapo na Ulaya utaiona.

#10 Bukoba KI58

Ni kweli, nimeiona. Samahani, nimeondoa hoja yangu ya saa, ila ya waya mrefu inabaki.

#11 Mwalimu wa Nyegezi

Naomba turudi kwenye mantiki, kwa sababu kuna jambo moja ambalo likieleweka litafunga nusu ya milango.

Namba ambayo WSPR inaripoti ni uwiano wa ishara na kelele. Katika kipindi kimoja cha dakika mbili, kwenye masafa yaleyale, kelele ya Isamilo ni moja kwa stesheni zote zinazosikika, na ya Nansio vilevile. Kwa hiyo kelele ikiwa ndiyo pekee inayowatofautisha, tofauti baina yao lazima iwe ileile kwa Johannesburg na kwa Munich. Ikitofautiana kwa upande, sababu inatakiwa iwe kitu chenye upande, na chenye upande hapa ni kitanzi. Kitanzi kilichosimama wima husikia vizuri kwa kufuata ubapa wake, na mbavuni, yaani pale unapochungulia kupitia tundu lake, kinakuwa kiziwi. Kutoka Mwanza, Johannesburg ipo nyuzi 190 hivi ukihesabu kutoka kaskazini, na Ulaya ya kati ipo karibu nyuzi 340. Je, vitanzi vyenu vinaelekea wapi?

#12 Fundi Kirumba

Mwalimu, hoja nzuri lakini ina tundu. Ulaya na Afrika Kusini hazisikiki katika kipindi kimoja. Ulaya hutangulia, Afrika Kusini hunoga usiku ukiwa mkubwa. Kelele ya mjini ya saa 3, watu wakitazama televisheni, haiwezi kuwa sawa na ya saa 8. Unalinganisha kelele mbili tofauti.

#13 Mgeni wa Masafa

Samahani kwa kuingilia. Naona kwenye jedwali la mleta uzi kuna namba hasi, −24, −28. Ishara iliyo chini ya kelele mara mamia inasomwaje?

#14 Hesabu za Kati

Ndugu Mgeni, kelele inayopimwa hapo ni ile iliyomo katika upana wa hezi 2,500, upana wa sauti ya mtu. Ishara ya WSPR yenyewe ina toni nne zilizoachana kwa hezi 1.46 tu na hukaa ndani ya hezi 6 kwa sekunde 110. Programu huchungulia kwa tundu la sindano badala ya dirisha: ukigawanya 2,500 kwa 1.46 unapata faida ya desibeli 32. Kwa hiyo −28 kwa kipimo cha dirisha ni +4 kwa kipimo cha tundu. Ujumbe wote ni biti 50, yaani alama ya stesheni, gridi na nguvu ya mtambo. Aliyeubuni mwaka 2008 ni Joe Taylor wa Marekani, mwanafizikia wa anga aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, na kuchimbua ishara zilizozama kwenye kelele ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku.

Sasa nije kwa mleta uzi, kwa kuwa nadhani jedwali lako linakudanganya bila wewe kulikosea.

Umesema umechukua vipindi ambavyo *sote wawili* mlisoma. Fikiria stesheni ya Ulaya inayofika Nansio ikiwa na −25. Kama kweli wewe upo chini yake kwa desibeli 9, kwako itakuwa −34, na programu haiwezi kuisoma, maana inakoma karibu na −28 au −30. Kipindi hicho hakiingii kwenye jedwali lako. Kitakachoingia ni kile kipindi kimoja ambacho kwa bahati ishara ilipanda kwako au kelele yako ilitulia, na hapo tofauti itakuwa ndogo. Ishara za Afrika Kusini, ambazo zinafika Nansio zikiwa na −12 au −15, zina nafasi ya kushuka desibeli 9 na bado zikasomeka. Kwa maneno mengine, desibeli 3 za Ulaya si kipimo cha tofauti yenu. Ni kipimo cha nafasi iliyobaki kati ya ishara ya Ulaya na sakafu ya programu. Vipindi ambavyo hukusikia kitu ni ripoti pia, na wewe umevitupa.

Nakuomba uhesabu hivi: chukua vipindi vyote ambavyo Nansio alisikia Ulaya wakati redio yako ilikuwa imewashwa, kisha uniambie wewe ulisikia vingapi.

#15 Isamilo Juu

Nimekaa na daftari tangu saa 2 usiku. Katika usiku huo 14, Nansio alisoma stesheni za Ulaya mara 52 wakati mashine yangu ilikuwa hewani. Mimi nilizisoma mara 9. Za Afrika Kusini yeye alizisoma mara 117, na mimi mara 88.

Dada Hesabu, nakiri kwamba sikuwahi kuviangalia vile vipindi 43 vilivyopotea.

Kuhusu mwelekeo, kitanzi changu kimefungwa kwenye baraza sambamba na ukuta. Nilijaribu kupima kwa dira ya simu, ikawa inayumba kila nikiisogeza kwa sababu ya nondo za zege na bati la juu: hatua moja kushoto inasema nyuzi 50, hatua moja kulia inasema 95. Nikaachana nayo, nikafungua picha ya setilaiti na kupima ukuta wa nyumba. Umelala nyuzi 70 kwa 250. Mbavu za kitanzi, basi, zinatazama 160 na 340.

#16 Mwalimu wa Nyegezi

Nyuzi 340 ni Ulaya penyewe. Kitanzi chako ni kiziwi hasa upande ambao jedwali la kwanza lilisema unaumia kidogo. Na Johannesburg ipo nyuzi 30 tu kutoka kwenye uziwi huo, mahali ambapo kitanzi kinapoteza kama desibeli 6. Naungana na Dada Hesabu. Desibeli 6 kati ya 9 za kusini nimezipata, na Ulaya imefichwa na vipindi vilivyopotea.

#17 Fundi Kirumba

Mwalimu, umeharakisha. Uziwi huo mkali unapatikana kwa wimbi linalosafiri chini kwa chini. Usiku, mawimbi ya mbali yanashuka kutoka ayonosfia, tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi chini, kwa pembe, yakiwa yamepinda mkao wake njiani, na uziwi wa kitanzi unajaa. Na kitanzi kilicho nusu mita kutoka kwenye nondo na bati si kitanzi cha kitabuni tena. Nondo nazo ni antena. Hizo desibeli 6 ni za karatasini.

#18 Mwalo wa Igombe

Nimewafuata tangu mwanzo na sikuona mtu akigusa jambo ambalo sisi wa mialoni tunaliona kila mwezi. Mnalinganisha usiku na usiku kana kwamba usiku wote ni sawa. Usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi ziwani ni dunia mbili.

Dagaa huvuliwa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, nyavu zinaanikwa, taa zinakaa nyumbani. Mwezi ukipotea, ziwa lote mbele ya Igombe linageuka mji: ukisimama juu ya mwamba unahesabu taa hadi unachoka. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ambazo kwa redio hazina dhambi. Sasa nyingi ni taa za LED zinazoelea juu ya maboya, kila moja na betri yake na saketi yake ndogo ya kupunguza au kupandisha volti, isiyo na kichujio wala kasha la chuma. Nilichukua redio ya mkulima ya mawimbi ya kati nikaisogeza kwenye taa moja niliyoiwasha juu ya kaunta: kwa hatua nne ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, na nilipoizima taa, ukimya ukarudi.

Kwa hiyo swali langu ni hili: usiku wenu 14 uliangukia wapi kwenye mwezi?

#19 Isamilo Juu

Tisa za mwanzo zilikuwa za giza. Zilizobaki mwezi ulikuwa unakua. Nimezitenganisha sasa hivi: kusini ni desibeli 10 kwenye giza na 7 kwenye mwezi. Sijui niseme nini.

#20 Fundi Kirumba

Hatua nne kwa hatua nne, kaka wa Igombe. Kilohezi 474 ina wimbi la mita 630, na kelele ya saketi ndogo kama ile, yenye waya wa urefu wa mkono, ipo kwenye uwanda wa karibu na inapungua haraka sana ukisogea. Taa moja kwa kilomita 2 haisikiki. Mia tano pamoja sijazipima, nakubali. Lakini angalia nchi kavu: betri hizo zinachajiwa wapi na saa ngapi? Vibanda vya kuchajia vimejaa, na chaja zake zimeunganishwa moja kwa moja kwenye nyaya za umeme ambazo zinapanda hadi Isamilo. Kama mwezi unahusika, mimi natafuta chaja kabla ya taa.

#21 Mwalo wa Igombe

Zinachajiwa mchana. Saa 12 jioni betri zipo kwenye mitumbwi.

#22 Nansio Usiku

Na mimi nimezunguukwa na wavuvi wa dagaa kuliko Isamilo. Nimetenganisha namba zangu kwa giza na mwezi, nikapima sakafu ya kelele, yaani kiwango cha kelele pasipo ishara, peke yake: hakuna tofauti inayozidi desibeli 1. Kama taa za ziwani zingekuwa ndiyo sababu, mimi ningekuwa wa kwanza kulia.

#23 Musoma KI68

Wakuu, naomba kuongeza suala la uga wa sumaku wa dunia. Ikweta ya sumaku inapita kaskazini yetu, kupitia Ethiopia, na huku kwetu uga umelala karibu mlalo, kutoka kusini kwenda kaskazini. Wimbi la mkao wa wima linalokuja kutoka mashariki au magharibi linakutana na uga huo kwa njia mbaya, na sehemu kubwa inamezwa ndani ya ayonosfia. Mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ya kukadiria mawimbi ya usiku ya masafa ya chini na ya kati yanauhesabu upotevu huu kwa nchi za tropiki. Ndiyo maana mimi Musoma nasikia vizuri kwa mhimili wa kusini na kaskazini, na stesheni ya Visiwa vya Kanari au ya Reunion ni nadra.

#24 Mwalimu wa Nyegezi

Nakushukuru, na ni jambo la kweli. Lakini wimbi linaloshuka Nansio na linaloshuka Isamilo limepita ayonosfia ileile. Kilomita 50 hazitoshi kuwatenganisha. Inaeleza kwa nini sote tunawakosa Kanari, haielezi desibeli 9.

#25 Hesabu za Kati

Kabla hamjaendelea: kichujio cha kuzuia stesheni za AM, yaani za utangazaji wa mawimbi ya kati, kilichomo kwenye RSP1A, je, nyote mmekizima? Makali ya kichujio hayakatiki ghafla pale 530, yanameza na 474 pia. Kwa kitanzi kidogo, ishara ikimezwa hivyo, kelele ya redio yenyewe ndiyo inayobaki kutawala.

#26 Nansio Usiku

Changu kimezimwa tangu mwanzo.

#27 Isamilo Juu

Changu kilikuwa kimewashwa. Nilikiwasha siku ya kwanza kwa sababu stesheni ya mjini ilikuwa inajaza kioo, nikakisahau.

Nimefanya mambo matatu wiki hii na nayaweka kama yalivyo.

Kwanza, Jumatano umeme ulikatika mtaa mzima kuanzia saa 2 na robo hadi saa 3 na dakika 40 usiku. Sakafu ya kelele ilishuka desibeli 4. Muda huo tulipata vipindi viwili tu vya pamoja, vyote vya Afrika Kusini, tofauti 5 na 6.

Pili, nimezima kichujio na kupunguza nguvu ya kikuza ili redio isilemewe. Sakafu imepanda, jambo linaloonyesha kwamba sasa nasikia kelele ya nje badala ya kelele ya redio.

Tatu, Ijumaa nilipanda meli ya mchana kwenda Nansio nikiwa na redio yangu na kitanzi ndani ya mfuko wa mchele. Tulikisimamisha mita 20 kutoka kwenye cha dada Nansio Usiku, vyote vikiwa kusini–kaskazini. Usiku kucha tofauti ilikuwa chini ya desibeli 2, kusini na Ulaya. Kisha saa 6 usiku tukakigeuza changu kikae nyuzi 70 kama kilivyo nyumbani. Johannesburg ilishuka desibeli 3, na Ulaya ilishuka 7, kisha ikapotea.

#28 Fundi Kirumba

Umeona? Tatu, si sita. Wimbi la angani linajaza uziwi.

#29 Mwalimu wa Nyegezi

Na Ulaya ilipotea, kama ilivyotakiwa. Ila nakubali, za kusini nilikuwa nimezikadiria kwa ukarimu.

#30 Hesabu za Kati

Ulaya ilishuka 7 *katika vipindi ulivyoweza kuisoma*. Msisahau hilo tena. Na saa 6 usiku Ulaya huwa imeanza kufifia yenyewe, hivyo mlitakiwa mkigeuze na kukirudisha kila baada ya vipindi vitano, msikigeuze mara moja tu.

#31 Mwalo wa Igombe

Na Ijumaa mwezi ulikuwa mpevu. Rudieni kwenye giza.

#32 Baharia Mstaafu

Rudieni pia wakati wa masika, kwa maana huu ni mwezi wa radi chache. Na mwanangu wa Isamilo, kitanzi kitoe kwenye baraza. Hata nguzo ya mwanzi juu ya mwamba inatosha.

#33 Isamilo Juu

Mzee, mwamba ninao, nguzo nimeipata leo. Kuanzia kesho vitanzi vyote viwili vitakaa kusini–kaskazini, kichujio kimezimwa pande zote, na nitaandika kila kipindi, kilichosomeka na kisichosomeka. Giza linaanza baada ya siku 11, kaka wa Igombe, na nitakuuliza ni mitumbwi mingapi imetoka kila usiku.

#34 Nansio Usiku

Kwa upande wangu leo hakutakuwa na ripoti baada ya saa 5. Kunamulika upande wa Ukara na ngurumo imeanza kusikika, nimechomoa antena.